Bihogo na Machicha ya Mfungo

Keko, Jumapili ya Matawi, 25 Machi 1956

Daftari hili lilikuwa la mume wangu, Ansbert. Aliandika humu mvua tu. "Imenyesha." "Haikunyesha." Mara ya mwisho aliandika mwezi wa kumi na moja, kabla kifua hakijamlaza. Nimeruka ukurasa mmoja, nimeanza hapa.

Leo baada ya misa shemeji Gaspar alikuja, akakaa kwenye kiti cha kaka yake bila kuuliza. Ni karani bandarini Kurasini, na tangu mazishi yeye ndiye mkubwa wetu hapa mjini. Amesema mwezi wa sita atapata likizo, atanirudisha Bukoba kwa mama mkwe, na ng'ombe atauzwa.

"Hapa utakaa na nani, shemeji? Kaka hakukuachia mtoto. Amekuachia ng'ombe."

"Basi nitakaa na ng'ombe."

Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwomba angoje Bihogo azae. Akizaa salama na maziwa yake yakanitosha kuishi, nibaki. Yasiponitosha, nitafunga mzigo wangu bila maneno.

Alifikiri, akasema, "Haya. Lakini nakuambia mapema. Siku akianza kuyumba, simngoji afe. Nyamafu haimfai mtu yeyote."

Kwa hiyo mambo yangu yote yako mgongoni mwa Bihogo. Ni ng'ombe wa maziwa, hudhurungi, na Ansbert alimpa jina la ng'ombe wa kwetu wa rangi hiyo. Sasa ana mimba kubwa na nimeacha kumkamua mpaka azae.

30 Machi, Ijumaa Kuu

Mvua tangu alfajiri. Bihogo amevuta kamba mpaka kwenye migomba, akang'ata jani. Nimeifupisha kamba.

Migomba hii Ansbert aliileta kutoka kwao. Machipukizi matatu ndani ya gunia lenye udongo, kwa meli mpaka Mwanza, kisha kwa gari moshi. Alikuwa akishuka kuyanyunyizia maji kila stesheni. Tangu afe sijakata hata jani moja.

9 Aprili

Mvua. Paa la banda linavuja upande wa kusini.

13 Aprili, Ijumaa

Majirani wameanza kufunga. Kwaresima yetu imeisha juzi tu, na sasa mtaa mzima una harufu ya nazi kuanzia alasiri. Kwa Bi Mwanakombo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, wanapika mihogo ya nazi, magimbi ya nazi, tambi za nazi. Jioni alikuja mlangoni na beseni.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuna nazi leo mpaka mikono inauma. Haya machicha nimpe kuku au nimpe mkweo?"

"Mkwe gani tena?"

"Huyo mwenye pembe."

Nikayapokea. Nazi imekamuliwa, lakini machicha bado yana utamu na mafuta yake. Bihogo aliyamaliza akalamba beseni mpaka likawa safi kama limeoshwa.

16 Aprili

Nyumba nne zimeleta machicha. Bihogo anayajua mabeseni sasa, akisikia mlio wa bati anageuka.

19 Aprili

Nimekumbuka jambo. Bihogo alipokuwa na mimba nyingine, Ansbert alimpa majani na pumba kidogo kwenye kibaba, na pengine aliingiza mkono akapunguza. Nilimwambia, "Unamfanyia ubahili mwenye mimba." Akajibu kwamba hajaanza kazi, kazi itaanza akizaa. Niliona ni uchoyo wa wanaume tu. Sasa niko peke yangu na sitaki Bihogo apungukiwe kitu.

Mvua kubwa. Machicha yaliyobaki nimeyatandaza juu ya mkeka ndani ya nyumba yakauke.

28 Aprili, Jumamosi

Bi Mwanakombo alikuja kumtazama Bihogo. Mumewe, Mzee Shomari, alikuwa naye. Mzee ni mchinjaji, na hamtazami ng'ombe kama watu wengine wanavyomtazama. Alimpapasa mgongo na shina la mkia, akasema tu, "Huyu kanona."

"Umemweka ndani kama mwali," akasema Bi Mwanakombo. "Halimi, hachoti maji. Kula na kulala."

Nikamwambia kwetu nasi ni hivyo hivyo. Zamani biharusi alifungiwa, akanyweshwa maziwa asubuhi na jioni mpaka akawa hawezi kuinuka bila kushikwa mkono. Akitoka watu wanasema, hakika huyu anatoka kwa watu wenye mali.

"Basi sie na nyie ni wamoja," akasema.

"Mwali mnene ni jambo jingine," akasema Mzee Shomari. "Mwali hakamuliwi."

Bi Mwanakombo alimwambia aende zake akangoje kufuturu, njaa inamtoa adabu. Nilicheka, mara ya kwanza tangu siku nyingi. Halafu nikaona vibaya kwamba nimecheka.

5 Mei

Wapita njia wanasimama kumsifu. Mbavu hazionekani kabisa. Kila asubuhi kabla ya kusali naenda kumgusa nione kama yuko sawa. Yuko sawa. Kwa nini basi moyo hautulii?

12 Mei, Jumamosi

Idi. Nimeletewa biriani sahani tatu. Nimekula vijiko viwili, nyingine nimewapa waliopita. Sina hamu ya chakula siku hizi. Bi Mwanakombo aliona sahani.

15 Mei, Jumanne

Bihogo amezaa.

Alianza kuhangaika asubuhi, akilala na kuinuka. Mvua ilikuwa inapiga bati hata sikuweza kusikia anavyokoroma. Miguu ya ndama ilitokea, kisha ikakaa pale pale. Bihogo alikuwa mzito mno, anachoka upesi, anahema kama aliyepanda mlima. Nilikwenda kumwita Mzee Shomari kwa sababu hapa mtaani hakuna mtu mwingine ajuaye mwili wa ng'ombe. Alikuja na kamba laini na mafuta ya nazi, akavua fulana.

"Vuta ninapokwambia, binti. Nisipokwambia, usivute."

Tulivuta anaposukuma na kuacha anapopumzika. Saa ya adhuhuri ndama alitoka, jike, hudhurungi kama mama yake, na doa jeupe kwenye goti. Mzee Shomari alimsugua kwa gunia. Alisema mikono yake imezoea kuwaaga ng'ombe, hajui kuwakaribisha.

Ningempelekea Ansbert habari hii ofisini kwake kwa miguu. Ningefika nimelowa na angeniambia, "Na mwavuli?"

18 Mei

Dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ni nzito na ya manjano. Ndama ananyonya vizuri. Maziwa yatakuwa mengi.

22 Mei

Ndoo inajaa mpaka naogopa kuibeba. Gaspar amepita, ameona, amesema, "Tutaona."

24 Mei

Bihogo ameacha pumba. Amenusa, akageuza uso.

25 Mei

Ameacha na machicha makavu. Majani anachagua chagua. Kinyesi ni kigumu, kidogo, kinang'aa.

26 Mei, Jumamosi

Hali majani pia. Pumzi yake ina harufu tamu. Niliikaribia nikaijua mara moja: ni harufu ya nyumbani, ndizi mbivu zilizokamuliwa kwenye mtumbwi wa pombe, siku ya pili, zinapoanza kuchachuka. Nilisimama pale nikiivuta harufu ile, nikamkumbuka baba yangu na miguu yake yenye majani ya kukamulia. Baadaye ndipo nilipoogopa. Ng'ombe asiyekula chochote, hiyo pombe kaitoa wapi?

27 Mei, Jumapili

Gaspar alikuja na kuinusa. "Amelewa huyu," akasema, lakini hakucheka. Alimtazama anavyosimama, kichwa chini, nyonga zimechongoka. Ni kama mtu amekuja kuiba nyama na kuacha ngozi.

"Alikuwa anakula nini?"

Nikamwambia.

"Machicha ya nani?"

"Ya majirani."

"Shemeji, unampa ng'ombe vitu vya kila nyumba? Unajua kila nyumba ina nini moyoni?"

Nilitaka kumkatalia. Lakini baada ya kuondoka kwake nilianza kufikiri: huyu Bi Mwanakombo anayekuja kila jioni, mumewe anayempapasa ng'ombe wangu mgongo. Nani atapata nyama ikiwa Bihogo ataanguka? Nilichukua beseni lake nikalirudisha tupu, nikaliweka kizingitini bila kubisha hodi. Aliniona dirishani. Aliita, "Demetria?" Sikugeuka.

28 Mei

Sijamsalimu Bi Mwanakombo. Bihogo hajala.

29 Mei, Jumanne

Nimetembea mpaka ofisi ya mifugo. Bwana Nikodemu, msaidizi wa daktari wa mifugo, alikuja na baiskeli mchana, suruali imejaa matope hadi magotini. Ni Mpare, anasema taratibu.

Alimpima joto, akasikiliza tumbo, akanusa pumzi. Kisha akakama matone ya maziwa juu ya unga mweupe kwenye kisahani. Unga ukageuka zambarau, zambarau nzito kama joho la Kwaresima. Nilipiga ishara ya msalaba.

"Si uchawi, mama," akasema. "Ni njaa."

"Njaa? Huyu alikuwa hawezi kupita mlangoni kwa unene."

"Ndiyo hiyo njaa yenyewe."

Akaniomba kigoda. Alinieleza, na nataka kuyaandika kama alivyosema. Ng'ombe akizaa, maziwa yanavuta nguvu nyingi kuliko anazokula. Kila ng'ombe hutoa kidogo katika mafuta yake kuziba pengo. Lakini aliyenona kupita kiasi hupoteza hamu ya kula mapema, na mafuta ya mgongoni huyeyuka yote kwa pamoja, yanaingia kwenye damu. Ini linajaribu kuyapokea na linajaa. Ini likijaa mafuta halifanyi kazi yake: sukari inapungua, ile harufu inatokea na kuugeuza unga zambarau, na hata protini ya damu inayotengenezwa humo inashuka. Hapo anazidi kutotaka kula, na mafuta yanazidi kuyeyuka.

"Anajila mwenyewe," nikasema.

"Ndivyo. Alikuwa anakula nini kabla ya kuzaa?"

Nikamwambia machicha ya mfungo mzima, pumba, na mabaki ya futari. Hakunikaripia. Aliuliza kama mwenye ng'ombe zamani alimpa hivyo pia.

"Hapana," nikasema. "Yeye alikuwa akipunguza kwa mkono."

Nilikwenda nyuma ya banda nikakaa huko kidogo.

Bwana Nikodemu amemtia sukari kwenye mshipa wa shingo, chupa nzima, na amemtoa damu ya kupeleka maabara. Ameniachia gliserini ya kumnywesha asubuhi na jioni, na ule unga wa kupimia maziwa kila siku. Amesema nimkamue kidogo tu, na nimtafutie chochote kibichi atakachokubali. "Anachokubali yeye, siyo unachokubali wewe."

30 Mei

Zambarau. Nimempa majani ya ukoka, amekataa. Matembele, amekataa.

31 Mei

Zambarau. Ndama anapiga kelele, namnywesha maziwa kwa kidole. Chupa ya pili ya mshipani. Bwana Nikodemu amesema tungoje.

1 Juni, Ijumaa

Zambarau. Majibu ya damu yamekuja. Mafuta ni mengi mno, protini imeshuka chini ya inavyotakiwa. Ini limelemewa sana.

"Limekufa?" nikauliza.

"Halijafa. Lakini dawa peke yake haitoshi. Lazima ale kwa kinywa chake. Asipokula mpaka mwisho wa wiki, mama, sitaki kukudanganya."

Gaspar alikuwapo. Akasema, "Basi Jumapili baada ya misa." Amekwenda mwenyewe kuzungumza na Mzee Shomari, maana ng'ombe lazima achinjwe akiwa bado amesimama. Akifa mwenyewe hakuna mtu wa mtaa huu atakayekula. Niliwasikia wakikubaliana kwa sauti ya chini, kama watu walio mlangoni kwa mgonjwa.

2 Juni, Jumamosi

Zambarau.

Nimekwenda kwa Bi Mwanakombo. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua macho.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Nikamwambia ugonjwa ni wa kunenepa. Hakuna mtu aliyemtia kitu, mwenye kumlisha ni mimi. Na nilimfikiria vibaya.

Alichambua kidogo. "Ulirudisha beseni kama unarudisha maiti," akasema. "Nikajiuliza nimekuulia nani."

"Nisamehe, bibi."

"Mwaka wa kwanza nilipofiwa na mume wangu wa mwanzo, nilimtuhumu mama yake mwenyewe. Mwanangu, ukifiwa unatafuta wa kumshika." Kisha akanitazama vizuri. "Na wewe unakula? Umebaki pua."

Alinipakulia wali na mchuzi wa papa. Alikaa pale pale mpaka nikamaliza.

3 Juni, Jumapili

Sikwenda misa. Nilikaa na Bihogo. Mvua ilikuwa imekatika na kila kitu kinameta. Nilimnywesha dawa. Nilimpa ukoka mara moja tena, akauacha udondoke.

Gaspar alikuja na koti lake la kanisani. Mzee Shomari alifuata na kisu kimefungwa kitambaa, akakiweka chini, akanawa mikono. Alisema, "Pole, binti." Bi Mwanakombo alisimama nyuma yangu.

Gaspar aliifungua ile kamba fupi amtoe uwanjani. Bihogo alitoka bandani hatua kwa hatua, miguu inatetemeka. Pale mlangoni akasimama. Gaspar akavuta upande wa barabara. Bihogo akageuka upande wa pili, polepole, kama kikongwe anayekumbuka kitu, akaenda moja kwa moja kwenye migomba. Akanyoosha shingo. Akalishika jani kubwa la chini, akalivuta, likachanika.

Tulisimama wote. Alilitafuna. Tulisikia anavyolitafuna.

"Shemeji," akasema Gaspar, akaivuta kamba, "hiyo ni migomba ya kaka."

"Najua ni ya nani. Mwache."

Alimaliza jani, akatafuta jingine, lakini yaliyobaki yalikuwa juu. Alinyoosha ulimi hewani. Masika yote nimekuwa nikiifupisha kamba ile.

"Mzee, naomba kisu chako."

"Hiki hakijawahi kukata jani."

"Kianze leo."

Akatazama mbinguni kidogo, akafungua kitambaa, akanipa. Nikakata jani la kwanza. La pili lilikuwa juu, sikulifikia. Gaspar alisimama na kamba mkononi. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye nguzo ya banda, akaja akauinamisha mgomba kwa kifua chake ili nifikie.

"Nilikuwa naye safari ile," akasema akiwa ameushikilia. "Kila stesheni anashuka na kopo. Watu wanatutazama. Nilikuwa naona haya, nikahamia behewa jingine."

Hajawahi kuniambia. Tulikata mgomba wote wa kwanza, na shina lake tukalikatakata vipande vyenye maji. Bihogo alikula taratibu, akipumzika na kurudia. Mzee Shomari alikisafisha kisu chake kwa majivu, akasema utomvu wa ndizi hautoki, na wateja wake watauliza.

4 Juni

Zambarau. Lakini amekula shina, na mchana nilimwona amelala anacheua.

6 Juni

Zambarau, nyepesi. Mgomba wa pili umekwisha.

9 Juni

Rangi ni kama ua la mwarubaini, karibu na nyeupe. Ameonja ukoka. Bwana Nikodemu amesema maziwa hayatakuwa mengi mwaka huu, na mwili utachukua miezi kurudi. Akasema nisiwe na haraka ya kumnenepesha. Nikamwambia hilo halina shaka.

13 Juni

Unga umebaki mweupe. Nimeutazama mpaka matone yakakauka.

17 Juni, Jumapili

Bi Mwanakombo amekuna nazi ya mchuzi wa Jumapili, akaniletea machicha kwenye beseni lile lile. Kuku wamefurahi. Bihogo aliusikia mlio wa bati akageuka, nikamwonyesha ukoka.

Gaspar alikuja kuaga, kesho anaanza likizo. Nilimpa maziwa ya moto kwenye kikombe cha kaka yake, kile cha bati chenye ukingo wa buluu. Hakuna harufu yoyote, na ingawa si mengi, ninayouza yananitosha kuishi. Alikunywa amesimama mlangoni, anayatazama mashina mawili yaliyokatwa na mgomba mmoja uliobaki.

"Kwa hiyo safari ni ya mtu mmoja," akasema.

"Ni ya mtu mmoja."

"Mama atauliza. Nimwambie nini?"

"Mwambie nina ng'ombe wawili na majirani."

Akageuza kikombe kuona kama kimekwisha. "Na nikuletee nini?"

"Machipukizi mawili. Kwenye gunia, na udongo wake. Uyanyunyizie maji kila stesheni."

"Nitaona haya, shemeji."

"Utazoea," nikamwambia.